Mwaka wa Sinema Nyuma ya Shuka

Mwezi uliopita rafiki yangu wa zamani, Tusekile, alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yangu hapa Makandana, mvua imemlowesha mpaka kwenye soksi, na kabla hajapokea kitambaa nilichompa ajifute akatoa simu mkobani. Hatukuwa tumeonana tangu msiba wa mume wake, na mimi nilishajiandaa tukae tulie kwanza kama inavyopasa. "Gwe, wewe, machozi tutayakuta," akasema. "Tazama hii kwanza." Akaniwekea simu kiganjani, na pale kwenye kioo nikamwona Kipini. Hilo ndilo jina tulilompa sisi, kwa sababu ya kipini chake puani. Jina lake la kweli lilikuwa refu na kila mtu alilitamka anavyojua. Alikuwa nyota wa picha za Kihindi za zamani, zile nyeusi na nyeupe, na picha hiyo mjukuu wa Tusekile ndiye aliyeitafuta mtandaoni akaipata. Nilipiga kelele kama mtoto. Tukaketi mabega yamegusana, chai ikapoa, magimbi yakapoa, na sisi tunaimba. Lakini baada ya muda nikaanza kukereka, na mimi nikikereka siwezi kuficha. "Wameiharibu," nikamwambia. "Wameigeuza. Kipini kilikuwa pua ya kulia, hawa wamekiweka kushoto!" Tusekile alicheka mpaka akapaliwa. "Hawajaigeuza, mwenzangu. Sisi ndio tuliiona kinyumenyume." Nilikuwa najua, bila shaka. Kichwa changu kimejua miaka yote hiyo, ila macho yamegoma, na mpaka picha ilipokwisha niliona kama tumeletewa mtu mwingine anayefanana naye.

Ili mnielewe, itabidi niseme habari ya baba mkwe wangu. Kwetu Unyakyusani mwanamke akishaolewa hamtazami baba mkwe wake. Sisemi habari ya kupiga goti na kuinamisha kichwa, hayo yapo kila mahali. Nasema hamtazami kabisa, hakai naye chumba kimoja, hatamki jina lake, na hampi nafasi ya kuisikia sauti yake. Mkikutana njiani unazama migombani mpaka apite. Tunaita ukutila, na ni kuogopa kwenye heshima ndani yake, siyo kuogopa kwa chuki. Mwaka ninaousimulia, miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru, wengi wa mjini walikuwa wameshaanza kulegeza, na wachungaji nao walikuwa na maneno yao juu ya jambo hilo, lakini nyumba niliyoolewa mimi haikulegeza hata uzi. Nililelewa kuzungumza, jamani. Nyumbani kwetu Isongole nilikuwa nikisikika mpaka shamba la tatu. Nikaolewa, nikaja kuishi kwa kunong'ona kwenye nyumba ya mtu ambaye uso wake sikuujua. Nilimjua kwa mgongo, kwa koti lake la kijivu, na kwa viatu. Hata sasa amelala kaburini na bado jina lake silitamki, na humu hamtalisoma.

Sasa chukua desturi hiyo uiingize kwenye ukumbi wa sinema. Shamba la chai alikofanya kazi mume wangu lilikuwa na ukumbi wa wafanyakazi, nyumba ndefu ya mabati yenye harufu ya chai mbichi na makoti yaliyoloa. Humo mlikuwa na projekta ya tangu enzi za mabwana wa kwanza, na picha chache zilizobaki, ambazo nyingi zilishakatikakatika. Iliyokuwa nzima ni ya Kipini. Kwa hiyo Jumapili ya sinema ilipofika, baada ya ibada, tuliona hiyo hiyo, na ilipofika nyingine tuliona hiyo hiyo tena, na hakuna aliyelalamika. Watu walitoka Suma kwa miguu, wakatoka mjini, wachuma chai wakaja na watoto mgongoni. Tatizo lilikuwa kwamba wake wa vijana na baba wakwe zao wote walimpenda Kipini. Wazee wa shamba walilimaliza zamani kabla sijaolewa: waliitoa ile shuka nyeupe ukutani, wakaitundika katikati ya ukumbi kutoka ukuta hadi ukuta. Wanaume, wasichana na akina mama watu wazima walikaa mbele, upande wa projekta. Sisi wake wa vijana tuliingia kwa mlango wa jikoni, tukakaa nyuma ya shuka. Kazi yetu ilikuwa kuilowesha kwa maji kabla picha haijaanza, kwa sababu shuka ikiwa kavu picha haipenyi vizuri, na ikiwa imeloa inapenya safi, unaona mpaka kope. Tuliipiga maji kwa vikombe huku tunasukumana na kutaniana, na asiyejua kunyunyiza alifukuzwa, maana akilowesha vibaya Kipini angetokea na doa usoni mchana kutwa.

Ndiyo maana sisi wa nyuma tuliona kila kitu kimegeuka. Kipini alipopeperusha mtandio ukatua bega la kushoto, kwetu ulitua kulia, na Jumapili iliyofuata wake wote tulitinga kanisani na kanga bega la kulia, wasichana wa mbele bega la kushoto. Mgeni angeweza kutenganisha walioolewa na wasioolewa kwa kuangalia mabega tu. Tulibishana kisimani, ndoo vichwani, mtandio ulitua wapi. Mwenzetu mmoja alikaribia kurudi kwao kwa sababu ya ugomvi na wifi yake juu ya kile kipini. Leo vijana wanajiita mashabiki wakishabonyeza kidole gumba kwenye simu. Sisi tulikuwa tunanuniana mwezi mzima, mtu hampi mwenzake moto wa kuwashia kuni.

Na shabiki mkubwa kuliko sisi sote alikuwa baba mkwe. Alimwona Kipini mara ya kwanza ujanani, mjini Mbeya, alipokuwa na kazi na nguo nzuri, na tangu siku hiyo hakuna mwanamke wa sinema aliyemtosha. Mama mkwe alimtania juu ya hilo mbele ya watu, naye hakukasirika. Sehemu aliyoipenda siyo ya mapigano wala ya mahaba. Ni ile ambapo baba yake Kipini, mfinyanzi aliyemfukuza binti kwa maneno ya uongo ya adui, amekwisha kuwa kipofu na amekaa mlangoni. Anasikia hatua. Anaomboleza kidogo, kisha anauliza jambo fupi kwa Kihindi, na Kipini, amesimama na mtungi, anajibu jambo fupi kwa Kihindi. Hakuna kati yetu aliyejua lugha ile, lakini kila mtu ukumbini alijua alichouliza baba ni, "Nani huyo?" na alichojibu binti ni, "Ni mimi, mwanao." Hapo mbele ya shuka nilisikia baba mkwe akipenga kamasi, na mimi nyuma yake nikapenga zangu kwenye kanga. Mtu ambaye sikuruhusiwa kumwona alikuwa akilia palepale nilipolia mimi. Nilimpenda kwa sababu hiyo, nasema wazi.

Ndipo akaja Eddy. Alikuwa kijana mchangamfu wa mjini aliyekuwa akileta bidhaa kutoka mpakani, mwenye televisheni, deki na kanda za mapigano, na watu wakamwita Eddy Deki mpaka jina la baba yake likasahauliwa. Shamba lilikuwa limepata wenyewe wapya, na meneja mpya, mtu mpole wa Tanga, alitangaza kwamba ukumbi usiovuta watu atampa atakayewavuta. Eddy akauomba. Siku moja nilikuwa jikoni namenya ndizi za mbalaga, na kupitia ukuta wa mianzi nikasikia wazee wanazungumza sebuleni. Mmoja alikuwa anaisifu televisheni, rangi zake, sauti yake. Baba mkwe akauliza, "Na hawa wake za vijana wetu watakaa wapi? Kile kitu nimekiona mjini. Nyuma yake kuna nyaya tu."

"Watakaa nyumbani," rafiki yake akajibu. "Kwani wataumwa?"

Kisha baba mkwe akasema, taratibu, "Basi na mimi nitakaa nyumbani."

"Wewe? Uache sinema wewe?"

"Mke wa mwanangu ana haki gani pungufu? Akose kwa sababu mimi nipo? Hapana. Akikaa nyumbani, na mimi nakaa."

Kisu kilinitoka mkononi. Nilikuwa nimeishi nyumba ile nikidhani kwake mimi ni kelele za sufuria tu. Kumbe alijua kwamba nyuma ya shuka nipo, na kwamba nampenda Kipini kama anavyompenda yeye. Kuanzia hapo habari ya ukumbi haikuwa tena ya kujifurahisha. Ukumbi ukichukuliwa, kitu pekee tulichokuwa nacho pamoja, mimi na mzee yule, kinakwisha, na tunabaki watu wawili wanaokwepana migombani mpaka mmoja afe.

Meneja alikuwa mtu wa haki. Alisema Jumapili moja Eddy aonyeshe yake, Jumapili inayofuata sisi tuonyeshe yetu, naye atakaa aone watu wanataka nini. Jumapili ya Eddy ukumbi ulifurika, siwezi kusema uongo. Vijana walisimama mpaka madirishani. Sisi tulikaa nje chini ya ukingo wa bati, mvua inapiga miguu, tukisikiliza milio ya risasi na watu wakishangilia vitu tusivyoviona. Tusekile alikuwa na mimba kubwa wakati huo, amekalia debe. "Leo hata sijui nani kafa," akasema. Baba mkwe alitimiza neno lake: nililiona koti la kijivu kwa mbali likikatiza kwenye migomba, na mwenye koti alikuwa anapalilia magimbi siku ya Jumapili, jambo ambalo mzee wa kanisa kama yeye hakuwahi kulifanya.

Jumapili yetu ikafika. Madirisha tuliyaziba kwa magunia ya chai, shuka tukaifua, tukaitundika, tukailowesha kwa uangalifu kama tunamnawisha bibi harusi. Watu walikuja, ila hawakuwa wengi kama wa Eddy, na Eddy mwenyewe alikuja akakaa karibu na meneja, miguu ameitandaza. Picha ikaanza vizuri. Kipini akatokea, wazee wakaguna kwa furaha. Adui akatokea, akazomewa. Binti akafukuzwa, baba akapofuka, na ndipo, mfinyanzi yule amekaa mlangoni anageuza sikio, sauti ikakatika. Picha ilikuwa inaendelea kutembea, midomo inafunguka na kufunga, lakini hakuna neno. Asajile, fundi wa projekta, akapiga kelele kwamba kibalbu kidogo cha sauti kimeungua na hana kingine. Vijana wakaanza kupiga miluzi. "Mnaona, meneja?" nikasikia Eddy anacheka. "Bibi kizee kapoteza meno." Kiti kikakwaruza sakafu. Niliamini ni meneja anaondoka.

Hapo sauti ya mzee ikapanda kutoka mbele ya shuka. Ilikuwa inasema Kihindi. Ilisema maneno ya yule kipofu, yote, kwa kupanda na kushuka kwake, na kwikwi yake katikati, sawasawa na midomo iliyokuwa inacheza kwenye kitambaa. Miluzi ikafa. Niliijua sauti hiyo, niliisikia kila siku kupitia ukuta wa mianzi. Ikafika kwenye swali. Baba mkwe akauliza, "Nani huyo?" kwa Kihindi chake cha Rungwe, na kwenye shuka Kipini amesimama na mtungi, mdomo wake ukafunguka, na hakuna aliyejibu.

Tusekile akanitia kiwiko. "Jibu!"

"Siwezi. Ni baba mkwe."

"Baba mkwe gani? Huyo ni mfinyanzi, tena kipofu. Jibu, gwe, picha inapita!"

Fundi alikuwa ameona shida, akairudisha picha nyuma kidogo. Kipofu akageuza sikio tena. Mzee akauliza tena, na safari hii sauti ilitetemeka. Nikapiga moyo konde. Nikajibu. Nilijibu kwa sauti yangu ya Isongole, ile niliyoikalia mwaka mzima, maneno yote ya Kipini mpaka la mwisho, na sikunong'ona. Ukumbi ulilipuka. Wanaume walipiga mabenchi, akina mama wakapiga vigelegele, watoto wakaamka wakalia. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kutuzuia. Fundi wa mashine ya kukaushia chai akamchukua adui, akamfanya mbaya kuliko alivyokuwa. Ulipofika wimbo mkubwa wa mavuno, kwaya yetu ya kanisani, ambayo nusu yake ilikaa mbele na nusu nyuma, ikauingia kwa sauti nne, besi kule, soprano huku, shuka katikati, Wanyakyusa wanaimba Kihindi wasichokijua kwa namna ambayo naapa hata wenyewe Wahindi wangesimama. Watu waliokuwa wamejikinga mvua barabarani wakaingia. Waliokosa nafasi mbele wakataka kuingia nyuma, tukawafukuza.

Katikati ya wimbo mlango wa jikoni ukafunguka, tukamwona meneja. Hakuwa ameondoka; alikuwa amezunguka aje aone hao wanaoimba ni akina nani. Akasimama kati yetu, anatazama picha iliyogeuka. "Sasa nyie," akauliza, "yale maandishi ya Kiingereza chini ya picha mnayasomaje yakiwa hivi?"

"Meneja," Tusekile akamjibu, "sisi hatukuja kusoma."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Picha ilipokwisha akapanda benchi, akasema amekuja kuona watu wanataka nini na ameona. Ukumbi utabaki na shuka, shuka itabaki katikati, na Eddy atapewa ghala la zamani kando ya barabara afanye biashara yake kwa amani. Eddy hakununa. Aliwahi kuniambia baadaye kwamba siku ile alitaka kuimba, tatizo hakujua maneno. Mwezi haukwisha akawa anakuja kukaa mbele na kujifunza. Sisi tulitoka nje tukiwa tumeshikana mikono, kanga mabega ya kulia, mvua inanyesha, na hakuna aliyejifunika. Katika maisha yangu nimeshinda mambo machache, na hilo ni mojawapo.

Furaha ilidumu mpaka jioni. Jua halijazama akaja jirani yetu mmoja, mzee mwenye kushika sana mila za watu wengine, akaketi barazani akataka neno na mama mkwe. Nilikuwa jikoni, na ukuta wa mianzi ulifanya kazi yake. Alisema jambo la aibu limetokea: mke wa kijana amezungumza na baba mkwe wake mbele ya umati, na huko ni kuvunja heshima, itabidi kikao kikae, nirudishwe kwetu nikaonywe. Mama mkwe alikuwa anapepeta maharage na hakuacha kupepeta.

"Amezungumza?" akauliza. "Alisema Kinyakyusa?"

"Hapana."

"Kiswahili?"

"Hapana, lakini..."

"Alitaja jina la mume wangu?"

"Hakutaja."

"Alimwona? Si palikuwa na shuka?"

"Shuka ilikuwepo, mama."

"Basi aliyezungumza ni Mhindi. Nenda ukamrudishe Mhindi kwao. Mkwe wangu ana ndizi za kupika."

Mzee yule aliaga bila kupokea maziwa, na mimi nikajiziba mdomo kwa kanga nisisikike nikicheka. Usiku sikupata usingizi vizuri hata hivyo, maana mama mkwe alikuwa ametoa hukumu yake, ila mwenye heshima yenyewe alikuwa hajasema neno. Nilijua tabia yake. Kama amechukizwa, asingesema. Angeanza tu kupita njia ya mbali, ya kule kwenye mianzi, asikaribie jiko langu.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Nilikuwa nachochea moto chai ichemke niliposikia viatu vyake vinakuja. Kila siku akikaribia jiko alikohoa ili nipate muda wa kujificha, na mimi nilishasimama tayari kuzama stoo. Hakukohoa. Viatu vilisimama ng'ambo ya ukuta wa mianzi. Nikasikia anasafisha koo, kisha, polepole, akiwa amenipa mgongo nadhani, akauliza swali la yule kipofu.

Nilishika mwiko kwa mikono miwili nikamjibu.

"Ndaga fijo," akasema kwa kushukuru, lakini alisemea kule kwenye migomba, siyo kwangu, kisha akaenda shambani. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Projekta ilikufa kabla yake, ukumbi ukawa ghala la mbolea, na sisi tukazaa, tukazeeka. Hakuwahi kuniita kwa jina, wala mimi kumwita, na sura yake niliiona mara moja tu, siku ya kumuaga. Lakini hakuna asubuhi aliyopita bila kusimama kwenye ukuta ule na kuniuliza kwa Kihindi ni nani huyo, na hakuna asubuhi niliyoacha kumjibu kwamba ni mimi, mwanao.